Wasomaji Wanauliza: Kushoto, Kulia na Dagaa wa Kibirizi

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanafunzi wanaoanza uhasibu, na karibu zote zinalilia kitu kilekile, debiti na krediti, kwahiyo hilo ntalijibu kwa kirefu sana na mengine yatafuata kwa kadiri yalivyo. Wewe ambaye uko kazini miaka mingi nivumilie, au mpe mdogo wako asome.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma cheti cha uhasibu mwaka wa kwanza hapa Kigoma, naishi Mwanga. Darasani tumeambiwa "debiti kinachoingia, krediti kinachotoka", nikakariri nikaona nimeelewa. Sasa juzi mama katumiwa hela benki, meseji ikaja inasema akaunti yake imekreditiwa, na hela imeingia haijatoka! Nikachanganyikiwa kabisa. Alafu hata nikilielewa hilo sijui kazi yenyewe inaanzia wapi, kuna vocha, kuna jarida, kuna leja, kuna urari, kila kimoja tunafundishwa kivyake mi sioni vinaposhikana. Naomba msaada, mtihani umekaribia.

JIBU: Marahaba mwanangu. Ngoja nianze na hiyo meseji mana ndo imekuvuruga. Benki ilipokuandikia "imekreditiwa" ilikuwa inasoma daftari lake, sio la mama. Kwa benki ile hela ya mama ni deni, siku yoyote mama akienda kaunta wanatakiwa wamrudishie, na deni likiongezeka linaandikwa krediti. Mama angekuwa na daftari lake mwenyewe tukio hilohilo angeliandika debiti kwenye akaunti yake ya Benki, kwasababu kwake yeye ni mali imeongezeka. Tukio moja, madaftari mawili, kila mtu anaandika akiwa amekaa upande wake. Kwahiyo kabla hujaandika chochote jiulize kwanza, hili daftari ni la nani? Hilo swali ukilizoea nusu ya vurugu inaisha.

Sasa debiti maana yake ni upande wa kushoto wa akaunti na krediti ni upande wa kulia, basi, haimaanishi kizuri wala kibaya, kuongeza wala kupunguza. Mali zikiongezeka tunaandika kushoto, gharama kushoto, na kile mwenye biashara anachochota kwa matumizi yake pia kushoto. Mtaji ukiongezeka ni kulia, madeni tunayodaiwa kulia, mapato kulia. Kitu kikipungua unageuza upande. Na kila tukio linaandikwa mara mbili, mara moja kushoto na mara moja kulia kwa kiasi kilekile, kwasababu hakuna kitu kinachotokea hewani, kama kimeingia hapa kuna mahali kimetoka. Utaratibu huu ni wa zamani sana, wafanyabiashara wa Venice walikuwa wanautumia kabla mtawa Luca Pacioli hajaueleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1494, na mpaka leo hata programu za kompyuta zinafanya hivohivo ndani kwa ndani.

Tuchukue biashara unayoiona kila siku. Mama mmoja pale Kibirizi, mwalo wa dagaa hapa Kigoma, tarehe 1 Machi anaanza na 2,000,000 taslimu za kwake. (Bei ntakazotaja nimezipanga ili hesabu iwe nyepesi, usije ukaenda nazo mwaloni.) Tarehe 2 ananunua dagaa wakavu kilo 50 kwa 16,000 kila kilo, analipa taslimu 800,000. Tarehe 4 ananunua mizani ya kupimia, 150,000 taslimu. Tarehe 5 anachukua mawese madumu 10 kwa 60,000 kwa mkopo kutoka kwa muuzaji wa Kasulu, jumla 600,000. Tarehe 9 anauza kilo 30 za dagaa kwa 21,000 akapata 630,000 taslimu. Tarehe 12 anapakia madumu 6 ya mawese kwenye treni kumpelekea mwenye duka Tabora, kwa mkopo, 72,000 kila dumu, 432,000. Tarehe 20 analipa muuzaji wa Kasulu 400,000, tarehe 25 yule wa Tabora anamlipa 300,000, tarehe 28 analipa pango la kibanda 50,000, na tarehe 30 anachota 80,000 za kumlipia mtoto michango ya shule.

Kazi inaanzia kwenye karatasi. Kila nilichotaja hapo juu kinatakiwa kiwe na hati, yaani risiti, ankara, vocha ya malipo, hati ya kupokelea mzigo, chochote kinachoonyesha tarehe, nani, nini na shilingi ngapi. Pasipo hati huna cha kuandika, na wanafunzi wengi wanadharau hatua hii kwasababu kwenye mtihani matukio yanakuja yamepangwa vizuri kwenye swali, ila kazini utakuta yako kwenye mfuko wa rambo, nyingine zimelowa, nyingine mama kaandika nyuma ya pakiti ya sukari. Zipange kwa tarehe, zipe namba.

Ukishazipanga unaingia kwenye jarida (sio jarida la kusoma kama hili, ni kitabu cha kumbukumbu ya kila siku). Humo unaandika kwa mfuatano wa tarehe, debiti nani, krediti nani, na maelezo mafupi. Tarehe 1, debiti Taslimu 2,000,000, krediti Mtaji 2,000,000. Tarehe 2, debiti Manunuzi 800,000, krediti Taslimu. Tarehe 4 ndo wengi wanajikwaa, mizani sio manunuzi! Manunuzi ni bidhaa za kuuza tena, mizani ni mali ya kufanyia kazi muda mrefu, kwahiyo debiti Mizani, krediti Taslimu 150,000. Tarehe 5, debiti Manunuzi 600,000, krediti yule muuzaji wa Kasulu, Taslimu haiguswi mana hakuna hela iliyotoka. Tarehe 12 vilevile, debiti mteja wa Tabora, krediti Mauzo 432,000. Zilizobaki jaribu mwenyewe kabla hujaendelea kusoma, kweli, chukua kalamu.

Hapo kuna mtego wa Kiswahili chetu. Mdai na mdaiwa. Yule wa Tabora anadaiwa na mama, ni mdaiwa, yuko kushoto kwasababu hela iliyoko mikononi mwa watu tunaowadai ni mali yetu. Yule wa Kasulu anamdai mama, ni mdai, yuko kulia. Sikiliza mwisho wa neno, hiyo "-wa" ya kutendwa ndo inakuambia nani anabanwa. Nimesahihisha karatasi nyingi mtoto kaelewa somo lote akaangushwa na silabi moja tu.

Jarida linakuonyesha nini kimetokea tarehe gani, ila halikuambii mama ana taslimu kiasi gani leo. Kwa ajili hiyo unahamishia kwenye leja, ambako kila akaunti ina ukurasa wake wenye umbo la herufi T. Ukurasa wa Taslimu kushoto utakuwa na 2,000,000 na 630,000 na 300,000, jumla 2,930,000, kulia 800,000, 150,000, 400,000, 50,000 na 80,000, jumla 1,480,000. Tofauti ni 1,450,000, hiyo ndo baki. Na mama akifungua kopo lake la hela azikute 1,450,000 humo, asipozikuta kuna kitu hakijaandikwa au kuna mtu kachukua.

Mwisho wa mwezi unakusanya baki za kurasa zote kwenye karatasi moja, huo ndo urari. Kushoto, Taslimu 1,450,000, Manunuzi 1,400,000, Mizani 150,000, mdaiwa wa Tabora 132,000, Pango 50,000, Matumizi binafsi 80,000. Kulia, Mtaji 2,000,000, Mauzo 1,062,000, mdai wa Kasulu 200,000. Jumlisha pande zote mbili utapata 3,262,000 kila upande. Kama umepata hivo nyamaza ufurahi kidogo, umeshafanya kazi kubwa.

Baada ya urari kuna marekebisho, yaani vitu ambavyo havina risiti lakini ni vya kweli. Mama ahesabu kilichobaki kibandani, kilo 20 za dagaa na madumu 4 ya mawese, kwa bei aliyonunulia ni 320,000 na 240,000, jumla 560,000. Na mizani imechakaa kidogo, tuseme itadumu miezi 30, kwahiyo uchakavu wa mwezi ni 5,000. Ndo sasa unatengeneza taarifa ya faida: mauzo 1,062,000, gharama ya vilivyouzwa ni 1,400,000 toa 560,000, sawa na 840,000, faida ghafi 222,000, toa pango 50,000 na uchakavu 5,000, faida halisi 167,000. Zile 80,000 za shule hazimo humo, sio gharama ya biashara, zinapunguza mtaji wa mama moja kwa moja. Mizania (usiichanganye na mizani ya kupimia, hii ni taarifa ya mali upande mmoja na mtaji na madeni upande wa pili) inakuja mwisho, mali ni mizani 145,000, bidhaa 560,000, mdaiwa 132,000 na taslimu 1,450,000, jumla 2,287,000, na upande wa pili mtaji 2,000,000 ongeza faida 167,000 toa 80,000, inakuwa 2,087,000, ongeza deni la Kasulu 200,000, jumla 2,287,000. Alafu akaunti za mapato na gharama zinafungwa ili Aprili ianze na sifuri, za mali na madeni zinaendelea na baki zake.

Angalia kitu kimoja hapo, mama alianza na taslimu 2,000,000 sasa ana 1,450,000, mtu wa nyumbani angemwambia umepata hasara mama fulani, hela imepungua. Lakini amepata faida ya 167,000! Hela nyingine imelala kwenye dagaa, nyingine iko Tabora, nyingine ni mizani. Ukiweza kumweleza mama mzazi hapo kwenu hilo akakuelewa, mtihani hautakusumbua.

SWALI: Mwalimu mimi niko fildi kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, urari wangu umegoma siku ya nne leo. Tofauti ni 27,000. Bosi ameanza kuniangalia vibaya. Nianzie wapi kutafuta?

JIBU: Pole mdogo wangu, na 27,000 hiyo umenikumbusha mbali kidogo, mana mimi mwenyewe nikiwa kijana naanza kazi duka moja hukuhuku mwisho wa reli nilikesha siku tatu natafuta tofauti ya 27,000 hiyohiyo, narudia kujumlisha kurasa zote kuanzia mwanzo, macho mekundu. Mzee aliyekuwa ananifundisha akaja akaniuliza, umeigawa kwa tisa? Nikamwangalia tu. Akagawa, ikatoka 3,000 kamili, akasema hapo umegeuza tarakimu, tafuta namba iliyopinduka. Ndani ya robo saa tukaipata, 63,000 nilikuwa nimeihamishia kwenye leja kama 36,000.

Ukigeuza tarakimu mbili zilizopakana tofauti lazima igawanyike kwa tisa, kila mara. 63 na 36, 81 na 18, 540 na 450, jaribu yoyote. Ukidondosha sifuri nako ni hivohivo, 50,000 ukaiandika 5,000 tofauti ni 45,000, inagawanyika kwa tisa. Kwahiyo yako ya 27,000 anza na hapo, pitia namba ambazo tarakimu zake mbili zimepishana kwa tatu kwenye sehemu ya maelfu, 14 na 41, 25 na 52, 36 na 63, 47 na 74, hivo. Kulinganisha leja na jarida mstari kwa mstari ukiweka vema ya penseli ni haraka kuliko kujumlisha upya.

Isipogawanyika kwa tisa, igawe kwa mbili. Tofauti ya 100,000 tafuta 50,000 iliyokaa upande usio wake, mana kitu kikikaa pande mbaya kinaharibu mara mbili, upande mmoja kimepungua na mwingine kimezidi. Na kabla ya hayo yote angalia kama kuna kiasi kilekile kamili cha tofauti ambacho umekiandika upande mmoja ukasahau mwingine. Tafadhali usifanye wanachofanya wengine, kubandika akaunti ya muda ya 27,000 ili pande zilingane na kwenda kulala. Akaunti ya kutunzia tofauti ipo kweli kitaalamu, lakini ni ya kusubiria wakati unaendelea kutafuta.

Na hata urari ukilingana usiamini kila kitu. Tukio ambalo hati yake ilipotea halimo pande zote mbili, urari utalingana kama kawaida. Mizani ukiiandika Manunuzi, utalingana. Hela ya mteja mmoja ukaiweka kwa mwenzake wa jina linalofanana, utalingana, na siku ukimwendea kumdai aliyeshalipa utajua. Kiasi kilichokosewa tangu kwenye vocha kinatembea na kosa lake mpaka mwisho pasipo kupiga kelele. Urari unapima kama kushoto na kulia vinalingana, haupimi ukweli wa kilichoandikwa.

SWALI: Mama yangu anachukua mawese dukani kwake anapikia nyumbani. Hakuna hela iliyotoka, naandika nini? (Kasulu)

JIBU: Debiti Matumizi binafsi, krediti Manunuzi, kwa bei aliyonunulia sio ya kuuzia. Asipoandika, mwisho wa mwezi mawese yatapungua na mtu asiye na hatia anayemsaidia dukani ataulizwa.

SWALI: Shikamoo. Baba ana mtumbwi wenye injini anavua dagaa huku Ujiji, nimeanza kumwekea vitabu kama mazoezi ya chuo. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa mtumbwi ulikaa ufukweni miezi mitatu haujavua hata usiku mmoja. Je uchakavu wa miezi hiyo naandika au siandiki? Baba anasema kitu kisichofanya kazi hakichakai, na pia anauliza kwanini namtoa hela ya uchakavu wakati hakuna mtu aliyemlipa.

JIBU: Marahaba. Nimefurahi sana kwa swali hili, kuna watu wana diploma hawajawahi kuliuliza.

Nianze na la pili la mzee. Uchakavu hautoi hela, yuko sahihi, hela ilishatoka siku ile aliyonunua mtumbwi na injini. Tuseme vyote vilimgharimu 6,000,000, anategemea vitamtumikia miaka mitano, na mwisho atauza masalia kwa 1,000,000. Basi 5,000,000 ndo itakayoliwa na ziwa ndani ya miaka mitano, 1,000,000 kila mwaka ukiigawa sawasawa. Ungeandika gharama yote mwaka wa kwanza, mwaka huo ungeonekana wa hasara kubwa na minne inayofuata ya faida kubwa, wakati mtumbwi ulifanya kazi miaka yote mitano. Uchakavu unasambaza gharama ya zamani kwenye miaka iliyofaidika nayo. Kuandika, debiti Gharama ya uchakavu, krediti Uchakavu uliolimbikizwa (akaunti inayokusanya uchakavu wa mwaka hadi mwaka), na Taslimu unaiacha kama ilivyo.

Sasa lile la ziwa. Uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, na mitumbwi yote ikalala. Kama umechagua njia ya mafungu sawa kwa muda, uchakavu unaendelea hata chombo kikiwa kimelala, viwango vya kimataifa vya uhasibu vinasema hivo wazi, kwasababu muda nao unakula. Na muulize mzee kwa upole, mbao zilizokaa juani miezi mitatu zilirudi majini vilevile? Hazikufunguka maungio akaanza kuziba upya? Lakini kama tangu mwanzo ulichagua kuhesabu kwa matumizi, labda kwa idadi ya masaa ya injini, basi miezi ambayo injini haikuwashwa uchakavu wake ni sifuri na mzee ameshinda. Usichoruhusiwa ni kutumia njia ya muda miaka yote halafu mwaka uliofungwa ziwa ukaruka kwenye matumizi kwakuwa faida imekuwa ndogo. Uliyoichagua ishikilie, na ukibadilisha iwe kwa sababu ya kweli na uiandike kwenye maelezo ya hesabu.

Jambo lingine dogo, tenganisha injini na mtumbwi, usiviweke akaunti moja. Umri wao haufanani, injini ikifa unanunua nyingine juu ya mtumbwi uleule, na vitabu vitakuumiza kichwa kama vilikuwa kitu kimoja.

SWALI: Mimi niko Tabora, fildi yangu ni kwa mfanyabiashara wa asali anayeitoa Sikonge. Mteja ametulipa 500,000 ya ndoo ambazo zitakuja msimu ukianza. Bosi ameniambia niandike mauzo mana hela imeshaingia. Moyo wangu unakataa lakini siwezi kumbishia mkubwa.

JIBU: Moyo wako una akili. Mauzo yanatokea mteja anapopewa asali yake, kwa sasa mnachodaiwa ni asali ya 500,000, na mkishindwa kuipata mtamrudishia. Hilo ni deni. Debiti Taslimu, krediti Malipo ya awali ya wateja, na siku ndoo zinapopakiwa ndo unatoa kwenye Malipo ya awali unapeleka kwenye Mauzo.

Namna ya kumwambia mkubwa, usimwambie "umekosea bosi", mwombe muda mkiwa wawili, mwonyeshe mfano: bosi, nikiandika mauzo leo faida ya mwezi huu itaonekana nene, na gharama ya hiyo asali itakuja kutokea msimu ukianza, mwezi huo utaonekana wa hasara, alafu hatutajua tunadaiwa ndoo ngapi na kina nani. Mfanyabiashara yeyote hiyo ya mwisho inamgusa, hakuna anayetaka kusahau mteja aliyelipa. Nakushauri pia uweke daftari dogo pembeni la majina ya waliolipa mbele na idadi ya ndoo zao, litampendeza kuliko maelezo yote ya darasani.

SWALI: Wateja wananilipa kwa simu. Mtu anatuma 300,000 nikienda kutoa kwa wakala kuna makato. Naandika iliyofika mkononi?

JIBU: Hapana, na kosa hili nalikuta kila duka ninaloingia. Fungua akaunti inayoitwa Simu, itofautishe na Taslimu na Benki. Mteja akituma, debiti Simu 300,000, krediti mteja 300,000, mana yeye amelipa deni lake lote na anastahili lifutwe lote. Ukienda kutoa, krediti Simu kwa kiasi chote kilichopungua kwenye laini, debiti Taslimu ulichopewa mkononi, debiti Makato ya simu kilichobaki. Ukiandika iliyofika mkononi tu mteja ataonekana bado anadaiwa vishilingi fulani, na mwisho wa mwaka hutajua makato yamekula kiasi gani, na jamani yanakula, wengi wakija kuyaona yamekusanywa pamoja wanashtuka. Na laini ya biashara iwe ya biashara, sio hiyohiyo unamnunulia shemeji vocha.

SWALI: Risiti nitunze mpaka lini? Boksi limejaa.

JIBU: Kwa kodi, sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka isiyopungua mitano, kwahiyo boksi likijaa tafuta jingine. Tena usidhani ni kuwafurahisha TRA tu, mfanyabiashara mdogo asiye na kumbukumbu anakadiriwa kwa kiwango na mwenye nazo anahesabiwa kwa alichouza kweli, hizo karatasi ni kinga yako. Ila angalia, risiti za mashine ya EFD zimechapwa kwenye karatasi ya joto, maandishi yake yanafifia, na kwa jua letu la Kigoma ukiiacha kwenye dashibodi au karibu na dirisha baada ya muda mfupi unabaki na karatasi nyeupe. Siku unayoipokea itoe kopi au ipige picha, andika namba yake kwa kalamu, ibane na vocha yake, weka bahasha moja kwa kila mwezi na boksi moja kwa kila mwaka, na juu ya boksi andika mwaka kwa maka peni kubwa ili siku ukitafutwa usifungue yote.